Ayutthaya kwa treni ya baht 15

Safari hii ni ya Novemba 2023. Nimeiandika baada ya kurudi Dar, kwa kusoma daftari langu la mzigo na kupekua picha za kwenye simu. Daftari lenyewe kituko: ukurasa wa kushoto bei za fulana za watoto kwa dazeni, wa kulia bei za kuingia mahekalu. Baht 1 wakati ule ilikuwa kama shilingi 70 za Tanzania, kwa hiyo anayetaka kujua nilitumia ngapi azidishe mwenyewe.

Jumamosi 18 Novemba, usiku, Pratunam, mtaa wa soko la nguo Bangkok

Mzigo umefungwa. Wakala anasema atapima kilo Jumatatu asubuhi, hivyo Jumapili nzima hatuna kazi. Ninalala chumba kimoja na mama mmoja wa Mombasa, mfanyabiashara wa vitenge na mabegi, tuliyejuana safari iliyopita kwenye foleni ya kubadilisha fedha. Umri wake ni wa mama yangu, nami namwita mama tu.

Yeye alitaka kulala mpaka adhuhuri. Mimi nilitaka kwenda Ayutthaya, mji mkuu wa zamani wa Siam, yaani Thailand ya kale, kama kilomita 70 kaskazini ya Bangkok. Nimezaliwa Kilwa Masoko. Ng'ambo yetu, Kilwa Kisiwani, kuna magofu ambayo wazungu wanakuja kuyaona kutoka mbali, na sisi tulikuwa tunayaona kama mahali pa kufungia mbuzi. Safari tatu nimekuja Bangkok bila kuona kitu zaidi ya soko na hoteli. Nikasema mara hii hapana.

"Mwanangu, wanipeleka kuona nyumba zilizoanguka," mama akasema. "Za kwetu hazijakutosha?"

Lakini akatega saa ya kuamka.

Jumapili 19 Novemba, asubuhi, stesheni ya Hua Lamphong

Saa ya kuamka ilituamsha kwa Alfajiri kama kawaida. Tukaswali, tukajinyoosha kidogo, na hicho kidogo kikatukosesha treni ya kwanza. Teksi ya mita kutoka Pratunam ilikuwa baht 80, tukagawana.

Hua Lamphong ni stesheni ya zamani, imefunguliwa 1916, ina paa la mviringo kama nusu ya pipa. Tangu Januari 2023 treni nyingi za masafa marefu zimehamia stesheni mpya kubwa ya Bang Sue. Za kawaida, zile za bei ya chini zinazosimama kila mahali, nyingi zimebaki hapa. Tiketi ya daraja la tatu mpaka Ayutthaya ni baht 15. Nilidhani dada wa dirishani amekosea, nikamwonyesha vidole: watu wawili. Akaandika kwenye karatasi: 30.

Tukiwa tumekaa tunasubiri, saa mbili kamili, spika zikalia na ukumbi mzima ukasimama. Wabeba mizigo wakatua mizigo. Mtoto aliyekuwa akikimbia akashikwa bega. Ni wimbo wa taifa, unapigwa saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni kila siku. Mama alikuwa amejishughulisha na mkoba wake, bado amekaa. Bibi mmoja wa Kithai akamgusa kiwiko taratibu, bila kumkaripia, akamwonyesha kwa kidevu. Mama akasimama, na wimbo ulipokwisha wakatabasamiana kama majirani.

Ndani ya treni

Mabenchi, feni za darini zinazozunguka kwa kujivuta, madirisha yaliyoshushwa. Mama akachagua kiti kizuri karibu na mlango. Kondakta akaja, akacheka kwa adabu, akaonyesha picha ukutani: mtawa mwenye joho la rangi ya chungwa. Kile ni kiti cha watawa, na mwanamke hakai bega kwa bega na mtawa wala hamgusi, hata kwa bahati mbaya. Kijana aliyevaa sare za jeshi akampisha mama kwake, naye akasimama mlangoni mpaka tulipofika.

Wauzaji wanapanda stesheni moja wanashukia nyingine: kuku wa kuchoma, wali wa kunata ndani ya vifuko, maji ya barafu. Kuku hatukumgusa maana hatukujua amechinjwaje. Tukanunua embe bichi lililokatwa vipande, pembeni kifuko kidogo cha chumvi, sukari na pilipili. Kama umesoma shule ya msingi Pwani huhitaji maelezo. Nilichovya, nikafumba macho, nikawa nje ya geti la shule.

Baada ya hapo ni vitongoji, viwanda, na mashamba ya mpunga. Treni ilisimama mara kadhaa kupisha za haraka. Mama alilala.

Saa nne na nusu, kivuko

Ukitoka stesheni ya Ayutthaya madereva wa bajaji watakuzunguka. Bajaji za huku zina pua iliyovimba kama chura, za kupendeza kabisa, lakini hukodishwa kwa saa na bei si ya mtu wa daraja la tatu. Vuka barabara, fuata kichochoro kilichonyooka mbele yako mpaka mtoni, panda boti. Sisi tulilipa baht 5. Mji wa kale uko kisiwani: mito mitatu, Chao Phraya, Lopburi na Pa Sak, inakutana hapo na kuuzunguka. Mfalme U Thong aliuanzisha mwaka 1350.

Ng'ambo nikakodi baiskeli kwa baht 50 kutwa. Mwenye duka alitaka pasipoti yangu iwe dhamana. Sikumpa, nilimwachia kopi na amana ya fedha taslimu, akakubali. Nakushauri ufanye hivyo. Pasipoti ikipotea ugenini, mzigo wako na safari yako vyote vimekwama.

Mama akaitazama baiskeli kama anayetazama punda mgonjwa. "Mimi sipandi. Baibui langu na hicho chuma, wapi na wapi?"

Tulifikia mwafaka: mimi niendeshe, yeye akae upande kwenye keria. Kisiwa ni tambarare kama sinia, hakuna mlima hata wa kumtoa kuku jasho.

Wat Mahathat

Kuingia ilikuwa baht 50 kwa mgeni, baht 10 kwa mwenyeji. Mama alitaka kugomba. Nikamkumbusha kwamba hata kwetu mgeni hulipa zaidi ya mwenyeji, na hatujawahi kulalamika kwa niaba yake. Palikuwa pia na tiketi ya jumla, mahekalu sita kwa baht 220. Mimi, mwanamke wa biashara, nikapiga hesabu: sita mara hamsini ni mia tatu, naokoa themanini. Nikainunua. Mama akalipa hamsini yake, akanyamaza.

Hekalu hili lilianzishwa 1374. Kila mtu anaingia na kwenda kutafuta kile kichwa: kichwa cha Buddha cha jiwe kilichokumbatiwa na mizizi ya mti wa jamii ya mkuyu, uso umetulia, kiwiliwili hakipo. Kuna mlinzi, na kuna sharti: ukitaka kupiga picha ukiwa pamoja nacho uchuchumae, kichwa chako kisizidi chake. Kijana mmoja mgeni alisimama wima. Mlinzi hakufoka, alishusha tu kiganja mara mbili, na kijana akashuka nacho.

Mama alichuchumaa kwa shida, magoti yanalia. Akakaa hapo muda mrefu kuliko wapiga picha. "Kichwa ndo hiki. Mwili u wapi?"

Ukigeuka unapata jibu la kinyume. Ukutani kumepangwa miili mingi imekaa mkao wa kutafakari, migongo imenyooka, na haina vichwa. Waburma waliuteka mji Aprili 1767 baada ya kuuzingira zaidi ya mwaka, wakauchoma. Lakini wasibebeshwe kila kitu. Baada yao walikuja waliotafuta dhahabu ndani ya masanamu, kisha waliogundua kwamba kichwa cha Buddha kinabebeka na kina wanunuzi. Kwa hiyo usiende ukasimama nyuma ya kiwiliwili na kuweka kichwa chako juu yake ili upigwe picha. Wabudha wanasali hapa mpaka leo, na wanachukia, kwa haki yao.

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kuta. Babu yangu alikuwa mchoma chokaa: magogo yanapangwa mviringo, matumbawe juu, moto usiku kucha, kisha unasubiri mvua au unamwagia maji ili yalale. Nyumba za kale za Kilwa ni matumbawe na chokaa. Hapa ni matofali ya kuchoma, mamilioni ya matofali, na chokaa ilikuwa ngozi tu juu yake. Ngozi imebanduka. Mahali ilipobaki, chini ya kidevu cha sanamu au kwenye kona isiyofikwa na mvua, unaona vidole vya fundi vilivyopita. Udongo wa chini ni tope la mito mitatu, ndiyo maana minara inainama, mmoja huku, mwingine kule. Mnara mkubwa wa katikati uliporomoka 1911, kwa uzito wake wenyewe, bila vita yoyote. Kilichobaki ni kitako chake.

Wat Ratchaburana

Kuvuka barabara tu. Hapa pana kisa kilichomgusa mama kuliko vyote. Mfalme alipofariki mwaka 1424, wanawe wawili wakubwa walipigania kiti juu ya migongo ya tembo, wakauana wote wawili siku moja. Wa tatu, aliyekuwa hayumo, akatawala, na akajenga hekalu hili mahali walipochomwa kaka zake.

"Hiyo ni mirathi," mama akasema. "Tembo ni mbwembwe tu. Nyumba ngapi Mombasa zimeenda hivyo."

Mnara wake wa kati bado umesimama, wenye umbo la gunzi la muhindi, na chini yake kuna chumba kilichozikwa hazina. Mwaka 1957 wezi walikichimba usiku. Baadhi walikamatwa, sehemu ya dhahabu ikarudi, na kilichosalia kikachimbuliwa na serikali: upanga wenye ala ya dhahabu, mataji, hata tembo mdogo wa dhahabu aliyepiga magoti. Vyote viko makumbusho ya Chao Sam Phraya papo hapo mjini, ambayo ilijengwa kwa fedha za kuuza vibao vidogo vya ibada vilivyokutwa kwa wingi humo humo chumbani.

Ngazi za kushukia chumbani ni nyembamba na kali. Mama alibaki juu akashika mkoba. Chini kuna joto, unyevu, na michoro iliyofifia, mistari ya watu waliokaa safu kwa safu. Nilikaa dakika mbili. Aliyekuwa nyuma yangu alikuwa anahema shingoni mwangu.

Saa saba, cheni

Tulikuwa tunaelekea kusini kutafuta chakula, mama nyuma anasimulia habari za mirathi ya jirani yake, mara baiskeli ikakataa. Cheni imeuma baibui. Si kidogo, imemeza kama mkono mzima wa kitambaa, na mama hawezi kushuka wala kukaa.

Mzee mmoja aliyekuwa anamwagilia maua mbele ya nyumba yake akaacha mpira wa maji unamwagika, akaja. Hakujua neno la Kiingereza na sisi Kithai ni "asante" tu. Akamwangalia mama kwanza, kwa macho akaomba ruhusa, ndipo akainama. Akazungusha pedali nyuma, kidogo kidogo, robo saa nzima, akakitoa kitambaa bila kukikata. Mkewe akatoka na viti viwili vya plastiki, maji ya barafu na sabuni. Nilipotoa noti ya baht 100 alirudi nyuma hatua mbili kama nimemtolea nyoka. Akatupa na pini mbili za kubania pindo.

Wanawake wenzangu: chini ya baibui vaa suruali, juu pindo libane. Au kodi baiskeli yenye kifuniko cha cheni, zipo, mimi tu sikuangalia.

Chakula, na mfanyabiashara wa Qom

Barabara ya U Thong, ile inayozunguka kisiwa, upande wa hospitali, ina safu ya vibanda vya roti sai mai. Nilikuwa nimesoma kwamba wengi wa wauzaji ni Waislamu. Tukaona hijabu ya kwanza, mama akatoa salamu kwa sauti ya kupita barabara, na kibanda kizima kikaitikia.

Tulikula khao mok, wali wa manjano na kuku, baht 50. Ndugu wa biriani kabisa, ila unakuja na mchuzi wa kijani wenye siki na mnanaa. Mama akala sahani yake, akachungulia yangu. Adhuhuri wakatupisha chumba cha nyuma na mswala.

Roti sai mai yenyewe ni chapati nyembamba kama karatasi, ya kijani au nyeupe, unaviringishia sufi ya sukari iliyovutwa kuwa nyuzi. Binti anaitandaza kwa mkono: donge la unga mkononi, anagusa chuma cha moto, anainua, chapati imebaki. Nilijaribu. Nilitoa kitu kama ramani ya Zanzibar. Baht 40 kwa fungu la kubeba, na mafungu mawili madogo walituongeza bure "kwa wageni kutoka Afrika".

Mwenye kibanda alipojua sisi ni wafanyabiashara alitafuta kitu kwenye simu, akapitisha kwenye programu ya kutafsiri, akatuonyesha: kaburi la Sheikh Ahmad. Liko ndani ya eneo la chuo kikuu cha Rajabhat, si mbali. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Kiajemi kutoka Qom, alifika Ayutthaya mwanzoni mwa karne ya 17 na bidhaa zake, akapanda cheo mpaka akawa msimamizi wa biashara ya nje wa mfalme na mkuu wa kwanza wa Waislamu nchini. Cheo hicho, Chularajmontri, kipo Thailand hadi leo.

Tulikwenda. Kaburi limetunzwa, pako kimya, hakuna tiketi. Tukasoma Fatiha. Katika ratiba zote za siku moja nilizosoma kabla ya safari, hakuna iliyolitaja. Ndiyo maana naliandika.

Alasiri, Wat Phra Si Sanphet

Lilikuwa hekalu la ndani ya ikulu, watawa hawakuishi humo. Minara mitatu yenye umbo la kengele imepangwa mstari mmoja, ndani yake yaliwekwa majivu ya wafalme. Palikuwa na Buddha aliyesimama, urefu mita 16, amefunikwa dhahabu; 1767 Waburma walimtia moto ili dhahabu iyeyuke.

Tulikaa kwenye kivuli cha ukuta. Nikamweleza mama kwamba Wareno walioiteka Kilwa 1505 walifika hapa Ayutthaya 1511, mara tu baada ya kuitwaa bandari ya Malacca, na huku waliomba ruhusa ya kufanya biashara, wakapewa na kijiji chao kando ya mto. Mama akafikiri.

"Huku walikuta mwenye jeshi kubwa," akasema. "Kwenu walikuta nini?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sina mpaka sasa.

Jirani yake kuna jengo la Mongkhon Bophit, lenye sanamu kubwa sana ya shaba. Kuingia ni bure, viatu mlangoni, na ukikaa chini miguu usiielekeze kwa sanamu. Humo si gofu. Familia nzima zimepiga magoti na ubani unafuka. Tulisimama nyuma kidogo, tukatoka. Buddha aliyelala wa Wat Lokayasutharam naye ni bure, tulimpita bila kushuka. Wat Chaiwatthanaram, lile la 1630 ng'ambo ya Chao Phraya ambalo watu huenda kupigia picha machweo, hatukulifika. Mama alisema magoti yake yamefunga duka. Anayetaka machweo aanze na la ng'ambo, au alale usiku mmoja.

Saa kumi na mbili jioni, stesheni

Tumerudisha baiskeli, amana imerudi, boti baht 5, treni baht 15. Spika zikakoroma kidogo kabla ya wimbo, na mama akawa wa kwanza kusimama katika jukwaa zima. Akamgusa kiwiko kijana mmoja mgeni aliyekuwa kwenye simu yake.

Treni ya kurudi ilijaa, tukasimama mpaka karibu na uwanja wa ndege wa Don Mueang. Tulifika saa mbili na nusu usiku.

Hesabu zangu za siku: treni 30, boti 10, teksi 80 kwenda na kurudi, baiskeli 50, tiketi 220, chakula 50, sufi ya sukari 40, maji na matunda 60. Jumla baht 540, chini kidogo ya shilingi 38,000. Sasa tazama ile 220. Niliitumia mahekalu matatu. Mama, aliyelipa moja moja, alitumia 150. Kwa siku moja, kwa baiskeli, na jua lile, mtu wa kawaida hamalizi sita. Lipa moja moja. Na uliza bei ukifika, hizi ni za siku ile.

Roti sai mai haikufika Dar. Chapati zilifika, sufi ikanyonya unyevu njiani ikawa donge moja gumu la waridi. Wanangu wakaligonga kwa mchi na kula vipande.

Wiki iliyopita mama alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Mombasa. Anarudi Bangkok mwezi ujao, anataka kujua kama nami nakwenda. Mwishoni akacheka, akauliza: "Na ile tiketi yako ya mahekalu sita, yale matatu yaliyobaki, wayaingia lini?"